Kwa Remmy: kisa cha jina ambalo halikupita kwenye kikao

Kila mwanamuziki mkongwe anapofariki, wazo lilelile huibuka Dar es Salaam: apewe uwanja, apewe barabara, jina lake liandikwe mahali watu walione. Husemwa msibani, hurudiwa redioni kwa siku kadhaa, kisha arobaini hufika na kila mtu hurudi kwenye mahangaiko yake. Wazo si baya. Linakosea mahali pamoja: linachukulia kwamba jiji hili halijawahi kumpa mwanamuziki mahali, na kwamba mwenye uwezo wa kumpa ni serikali peke yake.

Panda daladala inayopita barabara ya Shekilango. Njiani konda atauliza, "Kwa Remmy wapo?" Ukijibu "shusha", umeshuka kwenye eneo lenye jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyekuwa mkazi wa Sinza na aliyefariki tarehe 13 Desemba 2010. Jina hilo lilikuwa midomoni mwa watu yeye mwenyewe akiwa hai, akipita palepale. Halikutoka kwa mkuu wa mkoa wala kwa madiwani. Lilitoka kwa abiria waliotaka kushuka karibu na nyumba yake.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kinajibu swali ambalo mapendekezo ya msibani hulipita juu juu: jina la mahali hushika vipi? Na swali la pili, gumu zaidi: likishashika, linamsaidia nini yule aliyepewa heshima? Kwa Remmy ni mahali pazuri pa kuyauliza yote mawili, maana la kwanza limefanikiwa kabisa na la pili bado.

Herufi za wapimaji

Sinza haikuota yenyewe kama Manzese au Tandale. Ilichorwa mezani. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma: badala ya kuwajengea wananchi nyumba, ilipima viwanja, ikachonga barabara, ikavuta maji, kisha kila mtu akajenga kwa kadiri ya mfuko wake. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilimo kwenye mradi huo. Wapimaji walipomaliza kazi waliacha ramani safi na herufi: Sinza A, Sinza B, C, D, E. Mitaa ya kata hiyo inazibeba herufi hizo mpaka leo.

Herufi inamtosha karani wa ardhi. Abiria haimsaidii kitu. Ukimwambia mgeni wako kwamba unakaa Sinza C, bado hujamwelekeza. Lazima umtajie kitu anachoweza kukiona au kukiuliza. Wakazi wakalijaza pengo hilo wenyewe, kwa baa, kwa hospitali, kwa msururu wa maduka, kwa makaburi: Mori, Kumekucha, Palestina, Vatican, Afrika Sana, Madukani, Makaburini. Daladala ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1983 ndipo majina ya namna hii yalipopata wasemaji wa kulipwa. Konda anahitaji jina fupi, linalosikika juu ya muungurumo wa injini na muziki, lisilofanana na la kituo kinachofuata. Jina lisilotimiza masharti hayo hufa ndani ya mwaka. Linalotimiza hutamkwa mara mamia kwa siku na watu wasiojuana. Sijui kura gani nyingine hupigwa mara nyingi hivyo.

Nyumba ya mtu mwenye nywele zile ndefu zisizonyolewa, mwenye bendi, mwenye wageni wa usiku na mchana, haikuhitaji kibao. Ilikuwa inajulikana. Na jiji lilikuwa na desturi ya zamani ya kuita mahali kwa mtu anayejulikana hapo: Mtoni kwa Aziz Ali, Tandale kwa Mtogole, Buguruni kwa Mnyamani, Mbezi kwa Msuguri. Aziz Ali alikuwa mjenzi tajiri wa enzi za Mwingereza, baba wa Dossa Aziz aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Yaani orodha hii kwa kawaida ni ya wenye nyumba, wenye biashara na wazee wa mtaa. Remmy aliingia humo kwa mlango huohuo, kama jirani. Umaarufu ulisaidia nyumba ijulikane, lakini jina lilimshika yeye mkazi kabla ya kumshika yeye nyota.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini Kariakoo, iliyolea muziki kuliko Sinza, haikupata kitu kama hiki. Kariakoo ilipangwa na wakoloni kwa mitaa iliyonyooka, na kila mtaa ukapata jina: Sikukuu, Swahili, Congo, Mchikichi, Nyamwezi, Narung'ombe. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alizaliwa huko mwaka 1955. Kama kuna mtu aliyestahili kona yake Kariakoo ni huyo. Ila Kariakoo haikuwa na njaa ya majina. Ukitaka kumwelekeza mtu unataja mitaa miwili inayokutana, kazi imeisha, huhitaji kumtaja anayekaa pale. Kisha nyumba za Kiswahili zikaanza kuvunjwa kupisha maghorofa, na pamoja nazo ikaondoka kumbukumbu ya nani alikuwa akikaa chumba gani. Jina la mtaani linahitaji vitu viwili: pengo kwenye ramani, na mtu anayekaa mahali pamoja muda mrefu kiasi cha watu kumzoea. Sinza ilikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Angepita kwenye kamati?

Tufanye zoezi. Tuchukue kwamba hakuna kituo, hakuna konda, na suala la Remmy limeletwa mezani kama pendekezo la kawaida: mkutano wa mtaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo. Kabla yake mama yake alikuwa amepoteza watoto, na huyu aliyepona akaachwa asinyolewe. Ndiyo asili ya zile nywele ambazo wengi walidhani ni Urasta tu. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya jamaa yake, Mzee Makassy. Makassy walipohamia Nairobi, yeye akaingia Matimila, ambayo baadaye ikawa Super Matimila na ikawa yake machoni pa watu. Mwaka 1988 alikwenda Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka uliofuata lebo ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa albamu yake. Hapa nyumbani alikuwa Dokta Remmy: aliimba kifo, aliimba umaskini, aliimba mnyonge anayenyimwa haki, na aliimba kwa maneno ambayo hayakuhitaji mfasiri.

Mjumbe wa kwanza angeuliza: huyu ni mzaliwa wa hapa? Jibu ni hapana. Hoja hiyo ina nguvu vikaoni kuliko inavyostahili, kwa sababu muziki wa dansi wa Dar es Salaam haukuwahi kuwa wa wazaliwa wa hapa peke yao. Bendi ya Maquis ilitoka Kongo. Muhidin Gurumo alitoka Kisarawe. Mbaraka Mwinshehe alikuwa wa Morogoro, na Dar ilimcheza kama wake. Ukichuja kwa cheti cha kuzaliwa utabaki na orodha fupi na ya uongo.

Mjumbe wa pili angeleta suala la soksi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ukiwa umeshatembea nchi nzima tangu wagonjwa wa kwanza wagundulike Kagera mwaka 1983, Remmy alitoka na Mambo kwa Soksi, wimbo uliowataka watu watumie kondomu. Radio Tanzania Dar es Salaam haikuupiga. Kumbuka wakati huo RTD ndiyo ilikuwa redio, na ndiyo ilikuwa studio pia. Wimbo uliokataliwa pale ulikuwa umefungiwa mlango wa mbele. Huu ukapitia uani, kwenye kumbi na kwenye kanda zilizodurufiwa mitaani, mpaka kila mtu akaujua. Leo hakuna ofisi ya afya isiyosema yale aliyoyasema. Lakini kikao ni kikao. Angepatikana mzee wa heshima wa kuuliza kama kweli tunataka watoto waulize kituo chao cha daladala kimeitwa kwa mwimbaji wa nini.

Na wa tatu angeuliza: Remmy yupi? Maana mwishoni mwa maisha yake aliokoka, akakata nywele na kuimba Injili. Nadhani kamati ingemchagua huyo wa mwisho, kwa picha yenye suti.

Konda hakuuliza lolote kati ya hayo, na ndiyo sababu jina lipo. Hilo ndilo jambo kubwa ninaloliona katika kisa hiki. Njia rasmi inamchuja mtu kwa sifa za mtumishi mwema wa umma, na wanamuziki wazuri wengi hawana sifa hizo, wana nyingine. Ukiwaingiza kwenye chujio hilo watapita wachache, na watapita wakiwa wamepunguzwa chumvi.

Majina yaliyopita kwenye vikao

Tusiionee njia rasmi. Imewahi kufanya makubwa. Barabara iliyokuwa ya migunga enzi za Mjerumani, ikawa Acacia Avenue kwa Mwingereza, ikawa Independence Avenue baada ya uhuru, leo ni Samora na hakuna anayeiita vingine. Port Access ikawa Mandela, na jina likashika vilevile. Mtaa wa Kipata, Kariakoo, ukawa Kleist Sykes. Shaaban Robert ana mtaa wake katikati ya mji, jirani na Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo msanii wa kalamu amekumbukwa.

Zipo pia ambazo bado zinahangaika. Julai 2013, Barack Obama alipokuja, Ocean Road ikabadilishwa kuwa Barack Obama Drive. Kibao kipo. Lakini hospitali ya saratani iliyopo hapohapo inaitwa Ocean Road, mgonjwa anapelekwa Ocean Road, na teksi inakwenda Ocean Road. Old Bagamoyo nayo imekuwa Mwai Kibaki kwenye ramani huku midomo ikichelewa kuifuata. Tofauti ya haya makundi mawili haiko kwenye ukubwa wa mtu anayeenziwa. Port Access lilikuwa jina la wahandisi, halikuwa na mwenyewe, likaachwa bila kinyongo. Ocean Road lina hospitali inayolishikilia. Jina jipya hushika pale ambapo la zamani halina wa kulitetea. Anayetaka kumpa mwanamuziki mahali aanze kwa kuuliza ni nani au nini kinashikilia jina lililopo.

Katika majina yote ya vikao, lililo karibu zaidi na kisa hiki ni Bibi Titi Mohamed. Barabara yake inapita Mnazi Mmoja, na kila anayepita anajua alikuwa mwanasiasa. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, hapahapa Dar es Salaam. Mwaka 1955 TANU ilipohitaji wanawake, alijua pa kuwapata: kwenye vikundi vya ngoma, vya lelemama, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, sare, michango na nidhamu ya kukutana. Aliingia kwenye harakati na mtandao wa muziki mkononi. Kwa hiyo mtu akisema Dar haina barabara kubwa yenye jina la mwanamuziki, amekosea. Inayo, isipokuwa kibao kinamtaja kwa kazi yake ya pili.

Kisa cha Bibi Titi kina jingine. Huyu alitiwa hatiani kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Baadaye dola ileile ikampa barabara. Vikao basi vinaweza kubadili mawazo, hata juu ya mambo mazito kuliko wimbo wa soksi. Vinachohitaji ni muda, na muda wa dola ni mrefu kuliko umri wa mwanamuziki aliyeishi kwa kiingilio cha mlangoni.

Uwanja upi?

Kuhusu uwanja, nitapita haraka. Dar es Salaam haina viwanja vya katikati ya mji vya namna ile tunayoiona kwenye picha za miji ya Ulaya, vyenye sanamu na benchi za mawe. Kinshasa wana mzunguko wa Victoire kule Matonge, wenye mnara wa wasanii, na panafaa kwa sababu kumbi na baa za muziki zimepazunguka. Sisi tuna sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, kwenye mzunguko ambao hata kuvuka kwa miguu ni kazi. Tulivyonavyo kwa wingi ni viwanja vya wazi: Mnazi Mmoja, Jangwani, Mwembe Yanga, Biafra, Zakhiem. Vyote vina majina yenye historia na mikutano ya kisiasa inayoyashikilia. Kukiita Biafra kwa jina la mwanamuziki ni kurudia kosa la Ocean Road, na kupoteza jina zuri bure.

Kuna pia kizingiti cha mamlaka ambacho watoa mapendekezo hawakigusi. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Sinza, iliyokuwa Kinondoni, iko Manispaa ya Ubungo tangu Kinondoni igawanywe. Anayesema "Jiji limpe Remmy uwanja" anaiomba halmashauri ambayo Sinza haimo. Barua yake itakwenda ofisi isiyohusika, na huko itapumzika.

Jina bila mtu

Sasa upande usiopendeza. Simama pale kituoni, muulize kijana wa miaka ishirini anayeuza simu: Remmy ni nani? Wapo watakaojua. Wengi wataonyesha kwa kidole, kwa sababu kwao Remmy ni mahali. Matangazo ya maduka mitandaoni yamejaa jina hilo, la viatu, la wigi, la vipuri vya simu: tupo Sinza kwa Remmy, karibuni. Jina linafanya kazi, tena linafanya kazi vizuri mno. Limekuwa anwani, na mtu asiyejua wimbo hata mmoja wa Super Matimila anaweza kulitumia maisha yake yote bila kupata hasara.

Jirani yake kuna mfano wa hatua inayofuata. Barabara yenyewe, Shekilango, ina jina la Hussein Shekilango, waziri aliyefariki mwaka 1980 kwa ajali ya ndege. Wangapi kati ya wanaopita pale kila siku wanajua kwamba Shekilango alikuwa mtu? Jina lake lilipita njia rasmi na la Remmy likapita njia ya mtaani, lakini yote mawili yanaelekea kulekule. Njia ya kuzaliwa kwa jina haiamui kama mtu atakumbukwa. Kinachoamua ni kama kuna kitu kingine kinachoendelea kumtaja.

Kwa mwanamuziki kitu hicho kipo, nacho ni muziki. Ndipo penye kidonda. Kwa miongo mingi bendi za Tanzania zilirekodi RTD, zikalipwa kidogo kwa kurekodi, na kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio, ambayo leo iko chini ya TBC. Mitaani kanda zikadurufiwa bila mwenye wimbo kupata senti. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki, iliyoleta COSOTA, taasisi ya kusimamia haki hizo, ilipitishwa mwaka 1999, wakati enzi ya dansi ilikuwa imeshapita kilele chake. Kwa hiyo jina la Remmy limekuwa na thamani kwa mwenye fremu ya duka na kwa mwenye nyumba ya kupangisha, kabla ya mfumo wowote wa kuhakikisha wimbo wenyewe unamlipa aliyeutunga. Sisemi wenye maduka wana kosa. Nasema tu kwamba heshima hii haina gharama kwa yeyote, na heshima isiyo na gharama huisha ladha mapema. (Jiji lenyewe, kupitia shirika lake la DDC, liliwahi kuwa na bendi, Mlimani Park, iliyoichukua mwaka 1983. Lilijua vizuri muziki unaingiza nini kwenye kaunta ya bia.)

Kuna hatari ya pili, ya kiufundi. Februari 2022 serikali ilizindua Operesheni ya Anwani za Makazi, ili kazi ikamilike kabla ya sensa ya Agosti mwaka huohuo. Barabara zilipewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba. Ni kazi nzuri na ilichelewa. Ila mfumo ule unataka namba ya nyumba, jina la barabara, kata na postikodi. Kwa Remmy si barabara, si mtaa wa serikali, si kata. Ni eneo lisilo na mipaka, linaloanza pale mtu anapoona ameshafika. Kwenye mfumo wa anwani halina kisanduku. Kwa sasa haina madhara, maana bodaboda akipigiwa simu bado anauliza "kwa Remmy upande gani?" Lakini kizazi kitakachozoea kutuma alama ya ramani kwenye simu hakitahitaji kutamka chochote, na jina la mtaani lisipotamkwa halina mahali pengine pa kuishi.

Kulirasimisha bila kuliharibu

Wapo wanaosema liachwe lilivyo, kwamba likiguswa na serikali litakufa. Wasiwasi huo una msingi, kwa jinsi tunavyozifahamu hafla zetu. Unaweza kuona kabisa: Kituo cha Mabasi cha Dkt. Ramadhani Mtoro Ongala, kwa herufi kubwa, na jina la mgeni rasmi chini likiwa kubwa kidogo. Konda ataendelea kusema kwa Remmy, na kibao kitabaki cha mgeni rasmi.

Hata hivyo tunao mfano mzuri, tena mkubwa. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, vituo vilihitaji majina ya kuandikwa. Vikaandikwa majina yaleyale ya makonda: Tip Top, Argentina, Baruti, Korogwe, Mwembechai, Usalama. Hakuna aliyekaa kujadili kama Argentina inastahili heshima Manzese. Majina yaliyokuwa ya mdomo yakaingia kwenye mbao za serikali, kwenye tiketi, kwenye ramani, na hayakupungua uhai. Kwa njia hiyo usafiri umerasimisha majina mengi ya mtaani bila kuyatoa jasho la kikao. Mlango wa Remmy ni huo: kibao cha kituo, kinachosema kile ambacho watu tayari wanasema, kwa tahajia ambayo watu tayari wanaitumia. Mlango wa azimio la kubadili jina la barabara sio wake. Shekilango naye aachwe na barabara yake. Kumvua marehemu mmoja ili kumvisha mwingine hakumheshimu yeyote.

Chini ya jina, kibao kiwe na mistari minne au mitano ya maelezo, na hapo ndipo ugomvi wa kweli uwe. Kiseme alizaliwa Kindu. Kiseme alikuja 1978 na akaishi hapa Sinza. Kiseme aliimba juu ya wanyonge, na kiseme kwamba wimbo wake wa kinga dhidi ya UKIMWI ulikataliwa redioni. Hilo la mwisho likiondolewa, bora kibao kisiwekwe, kwa sababu ndilo linalomtofautisha mtu aliyeimba na mtu aliyejihatarisha kwa kuimba. Nywele ziwepo kwenye picha. Aliokoka, ni kweli, na hilo nalo liandikwe, lakini Sinza iliyompa jina ilimpa akiwa na nywele.

Gharama ya kibao ni ndogo kiasi kwamba mwenye duka mmoja kati ya wale wanaolitumia jina kwenye matangazo anaweza kuibeba. Kazi kubwa iko TBC, kwenye kanda. Kuzihamisha kutoka mkanda hadi faili, kuwatambua wapigaji mmoja mmoja, na kuzipiga hewani kwa mpangilio unaowalipa wenye nyimbo, ni kazi ya miaka na ya fedha. Nikipewa kuchagua kati ya kanda na kibao, nachukua kanda bila kufikiri mara mbili. Bahati nzuri havizuiani: kibao ni cha kata, kanda ni za shirika la utangazaji, na hakuna anayehitaji kumsubiri mwenzake.

Kata ndiyo ianze, maana yake ni rahisi zaidi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, ajenda iwe moja: nguzo isimame upande upi wa barabara, na nani atailinda isigongwe na malori. Suala la jina lisiwekwe kwenye ajenda. Hilo limeshapita.